2,147,483,647: namba moja, mambo mawili ambayo watu wanayachanganya

Hii namba utaikuta sehemu ambazo hata hukuitafuta. Mtu anafungua rekodi za wateja anakuta watu kibao wasiojuana wana namba ya simu moja, 2147483647, anaanza kuwaza ameingiliwa na matapeli. Mwingine anacheza gemu, pointi zake zikifika hapo haziendi tena mbele. Mwingine katumiwa meseji kwamba mwaka 2038 kompyuta zote duniani zitazima kwa sababu ya hii namba. Alafu kuna wale waliosikia kwamba ni namba tasa, wakaunganisha wenyewe kwamba waliotengeneza kompyuta waliichagua makusudi kwa sababu ya usalama au kwa sababu ina siri fulani ndani yake.

Hilo la mwisho ndo linanigusa zaidi, kwa sababu nusu yake ni kweli kabisa na nusu nyingine ni uongo, na ukweli wenyewe ni mtamu kuliko hiyo hadithi. Ni kweli 2,147,483,647 ni namba tasa. Ni kweli pia ndo namba kubwa kuliko zote ambayo kompyuta nyingi ziliweza kuihesabu kwa njia ya kawaida. Ila hayo mambo mawili hayakusababishana, yamekutana tu kwenye namba moja, na nataka tuyatenganishe taratibu mpaka kila moja lisimame lenyewe.

Tuanze na namba yenyewe imetoka wapi. Chukua 2, zidisha kwa 2 unapata 4, zidisha tena kwa 2 unapata 8, endelea hivyohivyo mpaka ziwe 2 thelathini na moja zilizozidishana. Unapata 2,147,483,648. Sasa toa 1. Basi, ndo hiyo. Kwa lugha ya darasani ni 2 kwa kipeo cha 31, kasoro 1, na kwenye maandishi ya kawaida bila alama za juu watu wanaandika 2^31 − 1, na mimi nitaandika hivyo.

Kwa macho yetu inaonekana kama namba iliyookotwa tu, tarakimu kumi hazina mpangilio wowote. Ila sisi tunahesabu kwa makumi, kompyuta inahesabu kwa mawili. Sisi tuna tarakimu kumi, 0 mpaka 9, yenyewe ina mbili tu, 0 na 1, na kila nafasi ya kuweka 0 au 1 inaitwa biti. Sisi tukitaka namba kubwa kuliko zote yenye tarakimu tatu tunaandika 999, yaani tunajaza tarakimu ya mwisho kila mahali. Kompyuta nayo ikitaka namba kubwa kuliko zote yenye biti tatu inaandika 111, ambayo kwetu ni 7, na 7 ni 2^3 − 1. Biti nne zikijaa ni 1111, kwetu 15, yaani 2^4 − 1. Kwahiyo 2,147,483,647 kwa kompyuta ni moja thelathini na moja zimepangwa mstari, hakuna sifuri hata moja. Sio namba ya kuokota, ni namba iliyojaa.

Kwanini 31 sasa, kwanini isiwe 30 au 40? Hapa ndo watu wanaanza kutafuta siri na hakuna siri. Biti zinapangwa kwa mafungu ya nane nane, fungu moja linaitwa baiti. Kwa miaka mingi prosesa na lugha nyingi za programu zilitumia baiti nne kuhifadhi namba kamili moja, baiti nne ni biti 32. Biti moja kati ya hizo inatumika kuonyesha kama namba ni chanya au hasi, zinabaki 31. Ndo maana ni 31. Upande wa hasi unaenda mpaka −2,147,483,648, imezidi kwa moja, kwa sababu sifuri imechukua nafasi moja upande wa chanya, watu huwa wanaona hilo ni kosa la uchapishaji na sio kosa.

Sasa ukijumlisha 1 kwenye namba iliyojaa inakuwaje? Fikiria mita ya kilomita ya gari la zamani, ile yenye vigurudumu vya namba. Ikifika 999999 alafu gari likaenda kilomita moja zaidi, vigurudumu vyote vinageuka pamoja na inasoma 000000, gari halijawa jipya, ni mita imeishiwa nafasi. Kompyuta inafanya kitu kilekile ila na tofauti moja yenye madhara zaidi, zile moja thelathini na moja zote zinageuka sifuri na ile moja inayobebwa inaangukia kwenye biti ya 32, ambayo tumesema ndo biti ya alama. Kwahiyo namba haiendi sifuri, inaruka mpaka −2,147,483,648, kutoka juu kabisa mpaka chini kabisa kwa hatua moja. Programu nyingine haziruhusu hiyo ruka, zenyewe zikiletewa namba iliyozidi zinaikata na kubakiza ile ya juu kabisa.

Na hapo ndo fumbo la namba ya simu linapokwisha. Aliyetengeneza kanzidata aliamua namba ya simu ihifadhiwe kama namba ya kuhesabia badala ya maandishi. Mteja anaandika namba yake ya tarakimu kumi inayoanzia na 7 kwa mfano, hiyo ni zaidi ya bilioni saba, haiingii, na kanzidata kama MySQL ikiwa haijawekwa kwenye hali ya ukali, ile ya kukataa kitu kisichoingia, inaikata kimyakimya na kuweka 2147483647. Mteja anayefuata hivyohivyo. Mwisho wa siku una watu mia wenye simu moja na namba zao halisi zimepotea moja kwa moja, hazirudishiki. Kwa bahati mbaya 214 ndo tarakimu za mwanzo za namba za simu za eneo la Dallas kule Marekani, kwahiyo ukiiandika kwa mtindo wa kwao, 214-748-3647, inaonekana namba ya simu halali kabisa na mtu anaweza akaamini. Hakuna tapeli, ni sehemu ya kuhifadhia iliyokuwa ndogo. Kama unatengeneza mfumo wowote tafadhali namba za simu hifadhi kama maandishi, hakuna siku utajumlisha namba mbili za simu.

Mfano uliopata umaarufu zaidi ni wa Desemba 2014, ambapo YouTube walitangaza kwamba video ya Psy, mwanamuziki wa Korea Kusini, imetazamwa kupita 2,147,483,647 na hivyo wamebadilisha kihesabio chao kitumie biti 64. Watu wengi mpaka leo wanasimulia kwamba Psy aliivunja YouTube. Hapana, wahandisi waliona inakuja wakajiandaa mapema, kihesabio hakikuharibika.

Uliokuwa mzito ni wa ndege. Mwaka 2015 mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, FAA, ilitoa agizo kuhusu Boeing 787 kwamba vidhibiti vya jenereta vikikaa vimewashwa mfululizo siku 248, kihesabio cha ndani cha programu kinafurika na ndege inaweza kupoteza umeme wake wote wa AC, yaani wa mkondo geu, hata ikiwa angani. Sasa chukua 2,147,483,647, chukulia ni mia-za-sekunde, yaani kila hesabu moja ni sekunde moja gawanya kwa mia. Unapata sekunde milioni 21 na ushee, gawanya kwa sekunde 86,400 za siku moja, jibu ni siku 248 na nusu hivi. Hesabu inaangukia palepale. Suluhisho la haraka lilikuwa kuzima na kuwasha umeme kabla siku hazijafika.

Na 2038? Mifumo mingi ya kompyuta inayotokana na Unix, mfumo endeshi wa zamani, inahesabu muda kwa sekunde kuanzia tarehe 1 Januari 1970 saa sita kamili usiku kwa saa za UTC, yaani saa za kimataifa. Haihifadhi tarehe, inahifadhi idadi ya sekunde tu, tarehe inapigiwa hesabu baadae. Pale ambapo hiyo idadi imewekwa kwenye biti 32 zenye alama, sekunde ya mwisho inayoweza kuandikika ni ya 2,147,483,647. Ukigawanya kwa 86,400 unapata siku 24,855 na baki ni sekunde 11,647, ambazo ni masaa matatu, dakika 14 na sekunde 7. Siku 24,855 kutoka 1970 zinakupeleka 19 Januari 2038, kwahiyo muda wenyewe ni siku hiyo, saa tisa na dakika 14 na sekunde 7 usiku kwa UTC. Sekunde moja baadae mashine ambayo haijarekebishwa itaamini ni 13 Desemba 1901, saa mbili na dakika 45 usiku na sekunde 52.

Je kompyuta zote zitazima? Hapana. Simu na kompyuta nyingi za sasa zinahesabu muda kwa biti 64, ambapo kikomo ni 9,223,372,036,854,775,807, sekunde za kutosha miaka kama bilioni 292. Tatizo lipo ila lipo kwenye vifaa vya zamani vilivyofungwa ndani ya mashine nyingine, mafaili yenye muundo wa zamani, programu ambazo hakuna aliyezigusa miaka mingi. Hilo ni la kufanyiwa kazi mapema na linafanyiwa, ila sio mwisho wa dunia, na wanaosambaza meseji za kutisha wanawasumbua watu bure. Tena mifumo mingine inaumia kabla ya 2038, kwa mfano programu ikipiga hesabu ya mkopo wa miaka 20 inaihitaji tarehe ya mwisho leo, sio siku ikifika.

Haya, upande wa kompyuta umeisha, na umeona mpaka hapa sijatumia popote kwamba namba ni tasa. Sikuhitaji. Kompyuta inajali kwamba biti zimejaa, haijali kama namba inagawanyika au haigawanyiki. Ushahidi uko wazi, angalia vikomo vingine vinavyopatikana kwa njia hiyohiyo. Kompyuta za biti 16 kikomo chao kilikuwa 32,767, na hiyo ni 7 × 31 × 151, sio tasa. Kile kikomo cha biti 64 tulichokitaja hapo juu, 2^63 − 1, nacho kinagawanyika kwa 7 bila baki. Baiti moja yenye alama inaishia 127, hiyo ni tasa. Kwahiyo tasa, sio tasa, tasa, sio tasa. Kama wangekuwa wanachagua kwa sababu ya utasa wangekuwa wamekosea mara mbili kati ya nne.

Sasa twende kwenye utasa wenyewe, na hapa ndo napapenda mimi.

Namba tasa ni namba kubwa kuliko 1 ambayo haigawanyiki bila baki kwa namba nyingine yoyote zaidi ya 1 na yenyewe. 7 ni tasa, 9 sio kwa sababu ni 3 × 3. Namba za aina ya 2 kwa kipeo fulani kasoro 1 zina jina, namba za Mersenne, kutokana na Marin Mersenne, mtawa wa Ufaransa wa karne ya 17. Na kuna kanuni moja rahisi, kama kipeo sio tasa basi namba yote sio tasa. Unaweza kuiona kwa macho ukiandika kwa biti. 2^6 − 1 ni 111111, moja sita. Unaweza kuzikata 111 na 111, kwahiyo 111 lazima iigawanye, yaani 7 inaigawanya 63. Moja 63 unaweza kuzikata tatu tatu, ndo maana 7 inaigawanya pia 2^63 − 1. Moja 15 nazo zinakatika tatu tatu au tano tano, ndo maana 32,767 ina 7 na 31 ndani yake. Ila moja 31 huwezi kuzikata mafungu sawasawa kwa namna yoyote, maana 31 yenyewe ni tasa.

Wengi wanaishia hapo wanasema basi, kipeo kikiwa tasa namba nayo ni tasa. Si kweli, na hili kosa limedumu mamia ya miaka. 11 ni tasa lakini 2^11 − 1 ni 2,047 na hiyo ni 23 × 89. Kipeo tasa kinakupa ruhusa ya kuingia kwenye usaili tu, kazi hujapata. Hata wataalamu walianguka hapa. Pietro Cataldi, Mwitaliano, mwanzoni mwa karne ya 17 alidai vipeo 17, 19, 23, 29, 31 na 37 vyote vinatoa namba tasa. Kwa 17, 19 na 31 alikuwa sahihi, kwa 23, 29 na 37 alikosea. Mersenne mwaka 1644 akatoa orodha yake mpaka kipeo 257, 31 ipo, ila aliweka 67 na 257 ambazo hazitakiwi akaacha 61, 89 na 107. Wagawanyaji wa hiyo ya 67 walisubiri mpaka 1903, Mmarekani Frank Nelson Cole akaonyesha kwamba ni 193,707,721 × 761,838,257,287. Kwahiyo kusema 31 inatoa namba tasa na kuthibitisha ni vitu viwili, na aliyethibitisha ni Leonhard Euler, Mswisi aliyekuwa anafanya kazi St Petersburg, matokeo yake yako kwenye barua yake ya mwaka 1772.

Fikiria kazi yenyewe. Ili uthibitishe kwamba namba ni tasa kwa njia ya kawaida unaigawanya kwa kila namba tasa mpaka kwenye kipeuo chake cha pili, kwa sababu kama ina wagawanyaji wawili mmoja wao lazima awe mdogo kuliko kipeuo hicho. Kipeuo cha pili cha 2,147,483,647 ni 46,340 na kitu. Namba tasa zilizo chini ya hapo ni zaidi ya 4,700. Zaidi ya migawanyo 4,700 mirefu, kwa mkono, bila kikokotoo, na ukikosea mmoja umekosea yote.

Euler alipunguza kwa kuuliza swali tofauti, hivi kama kungekuwa na namba tasa inayoigawanya hii yetu, ingekuwa na sura gani? Tuiite q. Sasa piga 2, 4, 8, 16 na kuendelea, ila kila jibu ligawanye kwa q ubakize baki tu. Mabaki hayo lazima yajirudie, yanazunguka. Kama q inaigawanya 2^31 − 1 bila baki, maana yake 2^31 ukigawanya kwa q unabakiwa na 1, kwahiyo baada ya hatua 31 umerudi ulipoanzia. Mzunguko unaoweza kurudi kwenye hatua ya 31 ni wa urefu wa 1 au 31 tu kwa sababu 31 ni tasa, na wa urefu wa 1 hauwezekani, kwahiyo ni 31 kamili. Alafu kuna kanuni ya Fermat, mwanahisabati wa Ufaransa, kwamba mizunguko ya namna hii lazima iingie kamili kwenye q − 1. Basi q − 1 ni zao la 31, na kwa kuwa q ni witiri q − 1 ni shufwa, kwahiyo inagawanyika kwa 62. Umeshafuta karibu namba zote hapo na hujagawanya kitu.

Ijaribu kwenye ile 2,047 uone sio maneno matupu. Kipeo ni 11, wagawanyaji ni 23 na 89. Toa moja, 22 na 88. Zote zinagawanyika kwa 22. Kila mara inakuwa hivyo.

Kuna chujio la pili ambalo sitalieleza kwa undani, linasema q ukiigawanya kwa 8 lazima ibaki 1 au 7. 23 inabaki 7, 89 inabaki 1, sawa. Ukiunganisha machujio mawili kwenye namba yetu unapata kwamba q ukiigawanya kwa 248 lazima ibaki 1 au 63. Kwahiyo unajaribu 249, 311, 497, 559 na kuendelea mpaka 46,340, na zote kwa pamoja ni 372. Na kati ya hizo ukiruka zile ambazo sio tasa, maana 249 kwa mfano ni 3 × 83 haina haja, zilizobaki hazifiki mia. Ya kwanza ni 311, igawanye 2,147,483,647 kwa 311 unapata baki 35, endelea na nyingine. Hakuna hata moja iliyogawanya bila baki. Kutoka zaidi ya 4,700 mpaka chini ya mia, ile ilikuwa kazi ya akili kabla ya kuwa kazi ya mkono, na kwa miongo kadhaa hakuna namba tasa iliyothibitishwa kubwa kuliko hiyo.

Mwingereza Peter Barlow aliandika mwaka 1811 kwamba hakuna atakayepita hapo. Yeye alikuwa anaongelea namba timilifu, yaani namba ambayo ukijumlisha wagawanyaji wake wote ukiiacha yenyewe unapata yenyewe, kama 6 ambayo ni 1 + 2 + 3, au 28. Kila namba tasa ya Mersenne inazaa namba timilifu moja, unachukua hiyo tasa unazidisha kwa 2 kwa kipeo pungufu ya kimoja. 3 × 2 ni 6, 7 × 4 ni 28. Yetu ni 2,147,483,647 × 2^30 na inatoa 2,305,843,008,139,952,128, ya nane kwenye mstari. Barlow alisema hiyo ndo kubwa kuliko zote zitakazowahi kugunduliwa kwa sababu hazina matumizi na hakuna mtu atakayehangaika kutafuta zaidi. Mwaka 1876 Mfaransa Édouard Lucas akathibitisha 2^127 − 1 ni tasa, 1883 Mrusi Ivan Pervushin akathibitisha 2^61 − 1, na Oktoba 2024 mradi wa GIMPS, ambao watu wa kawaida wanachangia nguvu za kompyuta zao, ukatangaza 2^136,279,841 − 1 yenye tarakimu 41,024,320. Watu wamehangaika na bado wanahangaika.

Kuna sehemu moja tu ninayoijua ambapo yale mambo mawili, kujaa kwa biti na utasa, yanashikana kweli na mtu aliichagua hii namba kwa sababu ya vyote viwili. Ni kwenye kutengeneza namba za bahati nasibu ndani ya kompyuta. Kompyuta haina bahati, inafuata maagizo, kwahiyo inaigiza. Njia moja maarufu iko hivi: chukua namba, zidisha kwa 16,807, gawanya kwa 2,147,483,647, bakiza baki, hilo baki ndo namba yako na ndo mwanzo wa raundi inayofuata. Ukianza na 1 unapata 16,807, alafu 282,475,249, alafu 1,622,650,073, unaona zinavyoruka huku na huku. Kwa kuwa tunagawanya kwa namba tasa, baki haliwezi kuwa sifuri, na kwa kuwa 16,807 imechaguliwa vizuri, utapita kwenye kila namba kuanzia 1 mpaka 2,147,483,646, kila moja mara moja tu, kabla hujarudi ulipoanzia. Ingekuwa sio tasa usingepata mzunguko kamili wa namna hiyo. Na kwa kuwa namba zote zinaenea kwenye biti 31, kompyuta inazihifadhi bila shida. Njia hii ilitumika kuanzia 1969, na mpaka leo imo kwenye maktaba ya kawaida ya lugha ya C++. Ila usiitumie kutunza siri kama nenosiri, mtu akiiona namba moja anajua zote zinazofuata, na hapa ndo ile hadithi ya usalama inapogeuka hatari.

Swali ambalo linakuja lenyewe ukifika hapa, kama kipeo 31 ni tasa na kilitupa 2,147,483,647 ambayo ni tasa, je tukiifanya yenyewe iwe kipeo, 2^2,147,483,647 − 1, hiyo nayo ni tasa? Kuna mtiririko wa kuvutia mno kabla yake: 2 kama kipeo inatoa 3, 3 inatoa 7, 7 inatoa 127, 127 inatoa ile ya Lucas, zote tasa. Namba tunayoiulizia ina tarakimu zaidi ya milioni 646, kuiandika tu ni kazi, kwahiyo mtu angedhani haiwezekani kujibu. Ila kanuni ya Euler bado inafanya kazi: mgawanyaji wowote tasa lazima awe zao la 2 × 2,147,483,647 ukiongeza 1. Hujaribu kila kitu, unaruka kwa hatua za bilioni nne na ushee kila mara. Na ukiruka hatua 68,745 unatua kwenye 295,257,526,626,031, namba ya tarakimu 15 tu, na hiyo inaigawanya lile jitu lote bila baki. Sio tasa.